Meningokoki havunji mlango

Tukisema bakteria "amevamia" ubongo, picha inayotujia ni ya jambazi mwenye shoka. Kwa meningokoki, bakteria wa homa ya uti wa mgongo, ambaye ndiye nitakayekaa naye zaidi hapa, picha hiyo inapotosha. Hana sumu ya kutoboa seli kama ile ya pneumokoki. Hana mtambo wa kudunga protini zake ndani ya seli ya mtu, kama alio nao salmonela. Alicho nacho ni nyuzi nyembamba, na uwezo wa kuzivuta. Kazi inayobaki, ya kulegeza maungio na kuacha njia wazi, inafanywa na seli yenyewe kwa mikono yake.

Tuanzie nyumbani kwake. Anton Weichselbaum alimtenga bakteria huyu Vienna mwaka 1887, kutoka kwenye maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa, na kwa sababu hiyo tumezoea kumfikiria kama kiumbe wa ubongo. Kwao hasa ni nyuma ya pua, pale tundu za pua zinapokutana na koo. Takriban mtu mmoja katika kila kumi anaishi naye hapo bila kikohozi wala homa, na miongoni mwa vijana idadi hupanda zaidi. Hakuna mnyama mwingine anayembeba kiasili. Akikaa kooni, atasafiri kwa mate na makohozi hadi koo jingine na uzao wake utaendelea. Akiingia kwenye damu au ubongo amejipoteza, kwa kuwa toka huko hakuna njia ya kumfikia mtu mwingine. Kwa maneno mengine, ugonjwa huu ni ajali kwa pande zote mbili, ingawa anayeumia zaidi ni mmoja.

Kooni kuna ute, kuna seli zenye vimelea vya kufagia (namaanisha vile vijinywele vinavyopiga makasia, si vimelea vya magonjwa), na kuna kingamwili za aina ya IgA zinazoelea ndani ya ute. IgA1 ya binadamu ina bawaba katikati. Meningokoki hutoa kimeng'enya kinachoikata hapo hapo, na kingamwili inabaki vipande viwili visivyoweza kuwafunga bakteria pamoja. Kisha hushika seli zisizo na vijinywele. Mguso wa kwanza ni wa nyuzi zake, ambazo nitaziita vinyweleo: unene wa nanometa 6 hivi, urefu wa mikrometa kadhaa, mara nyingi ya upana wa bakteria mwenyewe. Baada ya hapo huja mguso wa karibu, utando kwa utando, kupitia protini mbili za ngozi yake, Opa na Opc. Opa hushika molekuli za familia ya CEACAM juu ya seli. Opc hupita njia ya mzunguko: hudaka vitronektini na fibronektini, protini za mwili wetu, ambazo tayari zina mkono wa pili ulioshika integrini, yaani vishikizo vya seli, kwa hiyo bakteria anajishikiza kwa daraja lililojengwa na mwili wenyewe.

Hapa ndipo kuna tatizo ambalo wengi huliruka. Meningokoki wanaoua huvaa koti la sukari, yaani kapsuli. Ndilo linalotofautisha makundi ya A, B, C, W, X na Y, sita yanayosababisha karibu ugonjwa wote. Koti hilo ni nene na lina chaji hasi, na Opa na Opc ni fupi, zinafunikwa. Bakteria aliyevaa koti hawezi kushika vizuri kwa mikono mifupi, na asiye na koti hudumu kwa muda mfupi sana ndani ya damu. Anatatuaje?

Anabahatisha, na anabahatisha kwa hesabu. Mwanzoni mwa jeni za Opa kuna herufi CTCTT zilizorudiwa mara kadhaa mfululizo. Kimeng'enya kinachonakili DNA huteleza kwenye marudio ya namna hii kama mtu anayehesabu shanga zinazofanana: mara anaongeza moja, mara anaruka moja. Jeni husomwa herufi tatu tatu. Ukiongeza herufi tano, usomaji wote unaofuata unasogea, protini inaharibika na Opa inazimika. Ikiteleza tena kwa upande unaofaa, inawaka. Jeni inayotengeneza koti la kundi B ina mfuatano wa herufi C unaoteleza vivyo hivyo. Matokeo yake ni kwamba kundi lililotokana na bakteria mmoja, hata kama wote ni ndugu, huwa na wenye koti na wasio nalo, wenye Opa na wasio nayo, kabla hata ya kukutana na hatari yoyote. Mazingira yanachagua tu. Kooni wanapatikana wengi wasio na koti. Kwenye damu ya mgonjwa, karibu wote wamevaa.

Jinsi hasa wanavyotoka kooni hadi kwenye damu, kwa kupitia ndani ya seli au katikati yake, hutegemea nani unayemuuliza na alitumia seli gani maabara. Tuendelee na kilicho wazi zaidi.

Ndani ya damu adui mkubwa ni komplimenti, mfululizo wa protini unaomalizikia kwa kutoboa utando wa bakteria. Watu waliozaliwa bila mojawapo ya protini za mwisho, C5 hadi C9, hupata ugonjwa wa meningokoki mara elfu na zaidi kuliko wengine, na baadhi huupata tena na tena. Hali hiyo hiyo huwakuta wanaotumia eculizumabu, dawa inayozuia C5, ndiyo maana huchanjwa kabla ya kuanza kuitumia. Hilo linaonyesha ni kinga gani inayofanya kazi hasa. Koti husaidia kuizuia. Zaidi ya koti, bakteria hubeba protini iitwayo fHbp inayodaka faktari H, kile kidhibiti ambacho mwili hutumia kuiambia komplimenti "huyu ni wetu, mwache". Bakteria anavaa kitambulisho cha mwenyeji. Protini hiyo hiyo sasa ni kiungo cha chanjo za kundi B, kwa sababu koti la kundi B lenyewe halifai kwa chanjo: ni mnyororo wa asidi ya siali unaofanana na ule ulioko kwenye seli za neva za binadamu, na mwili unakataa kuushambulia.

Chakula pia. Chuma karibu chote kwenye majimaji ya damu kimefungwa na transferini, protini inayokibeba. Meningokoki hakikusanyi kwa kukitafuta peke yake; ana protini mbili, TbpA na TbpB, zinazoshika transferini ya binadamu na kuivua chuma chake. Transferini ya panya haimfai. Ukijumlisha IgA1, faktari H, transferini na CEACAM, unaona kwa nini utafiti wa bakteria huyu ni mgumu: karibu kila kufuli anayoifungua ina umbo la binadamu tu.

Sasa kapilari, mishipa ya damu iliyo midogo kuliko yote. Hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Damu inapita kwa kasi, na bakteria wa mikrometa moja hawezi kujishikiza kwenye mkondo mkali. Anaanza pale tu mkondo unapolegea, ndani ya kapilari ndogo, ambamo damu husitasita kwa muda. Kwa wakati huo mfupi kinyweleo kimoja hugusa bitana ya mshipa na kudaka CD147, molekuli iliyomo kwa wingi kwenye seli za bitana za ubongo. Asiyedaka hapo anasombwa. Aliyedaka, mkondo ukirudi na nguvu zake, anabaki, na ndani ya nusu saa au dakika arobaini amegawanyika kuwa wawili. Saa nne baadaye, kama hali ni nzuri, kutoka kwa huyo mmoja kuna mamia.

Kinyweleo si kamba ya kufungia tu. Chini yake, ndani ya bakteria, kuna mota. PilF huongeza matofali ya protini PilE na kinyweleo kinarefuka kupitia tundu la PilQ. PilT huyanyofoa na kinyweleo kinajikunja kurudi ndani. Kwa gonokoki, binamu yake wa karibu, kinyweleo kimoja kimepimwa kikivuta kwa nguvu ya zaidi ya pikonyutoni 100. Namba hiyo haisemi kitu mpaka uilinganishe: ni zaidi ya mara elfu kumi ya uzito wa bakteria mwenyewe. Na kundi halina kinyweleo kimoja tu, lina vingi. Bakteria wanavutana wao kwa wao vilevile, wanashika na kuachia, wanashika na kuachia, na kwa sababu hiyo kundi zima hutiririka kama asali nzito badala ya kukaa kama jiwe. Linajimimina kulingana na umbo la mshipa, linajaza kona, linapita kwenye matawi. Ukiharibu PilT, vinyweleo vinabaki lakini havirudi ndani, na kundi linakuwa gumu. Bakteria hao hushikilia lakini hawaenei vizuri.

Kinachovutwa upande wa seli ni nini? Ni kipokezi cha adrenalini aina ya beta-2, kilekile kinacholengwa na salbutamoli ya wenye pumu. Adrenalini huingia kwenye tundu la kipokezi na kukiamsha. Meningokoki hana ufunguo huo. Yeye hushika minyororo ya sukari inayoning'inia nje ya kipokezi, inayoishia na asidi ya siali ya aina waliyo nayo binadamu, na kuivuta. Kipokezi kinapovutwa kinajikunja kwa namna yake, na badala ya kutoa ujumbe wa kawaida wa adrenalini kinaita beta-arestini, protini ya kupokeza ujumbe ndani ya seli. Hapa si suala la kugusa tu. Bakteria mwenye vinyweleo vinavyogusa bila kuvuta hapati jibu lile lile, na kwangu hiki ndicho kipengele cha kuvutia kuliko vyote katika ugonjwa huu: ujumbe unatumwa kwa nguvu ya mkono, si kwa kemikali.

Beta-arestini inaleta kimeng'enya Src, Src inaipa protini kortaktini fosfati, na aktini, nyuzi zinazoipa seli umbo, inaanza kujijenga chini ya utando mahali bakteria walipo. Protini ezrini na moesini zinafika na kuunganisha aktini hiyo na utando. Kwa hadubini ya elektroni unaona seli imeinua vidole vyembamba vinavyowazunguka na kuwakumbatia bakteria. Vidole hivyo haviwamezi wengi wao. Vinawakinga wasisombwe na mkondo. Seli imejenga boma la kumhifadhi mgeni.

Halafu kosa kubwa linatokea. Seli ina protini za kuweka maungio, Par3, Par6 na aPKC, ambazo kwa kawaida hukaa pembeni pale seli inapokutana na jirani yake. Mahali zilipo, ndipo kadherini, protini inayoshikanisha seli na jirani yake, inapojengwa na ndipo mshono unapofungwa. Sasa zinaitwa chini ya kundi la bakteria, kana kwamba hapo kuna jirani mpya wa kushonwa naye. VE-kadherini, yaani kadherini ya bitana ya mishipa, na wasaidizi wake p120 na beta-katenini zinafuata. Seli inatumia uzi wake kushona mahali pasipo na pindo, na pindo la kweli linaachia. Hakuna kilichokatwa na hakuna aliyeuawa. Mshono wa kizuizi cha damu na ubongo, uliobana kiasi cha kuzuia hata molekuli ndogo nyingi, unakuwa na nafasi, na bakteria wanaochomoka kwenye kundi wanapenya kati ya seli na seli.

Kuchomoka huko nako kuna utaratibu. Idadi inapoongezeka, bakteria huongeza kimeng'enya PptB kinachobandika fosfogliseroli kwenye PilE. Vinyweleo vilivyobandikwa hivyo havishikani vizuri, na baadhi ya bakteria wanaachana na kundi. Wengine wanarudi kwenye damu, wengine wanaingia ndani.

Unapoyaona madoa ya zambarau kwenye ngozi ya mgonjwa, unaona mambo haya haya yakitokea kwenye mishipa ya ngozi: kapilari zilizojaa bakteria, damu iliyoganda, kuta zilizovuja. Ukiyakandamiza kwa glasi angavu hayafifii, kwa sababu damu imeshatoka nje ya mshipa na hakuna pa kuisukuma. Kwenye ngozi nyeusi sana yatafute viganjani, nyayoni na ndani ya kope. Mgonjwa wa namna hii hapaswi kusubiri jambo lolote, hata majibu ya maabara. Anaweza kufa ndani ya saa 24.

Neno kidogo kwa wanaosoma matokeo ya maabara kuhusu "uvamizi", maana hapo watu huteleza. Jaribio la kawaida ni la antibiotiki gentamisini: seli na bakteria hukaa pamoja kwa saa chache, huoshwa, huwekewa gentamisini kwa saa moja hivi, kisha seli hupasuliwa kwa saponini na waliosalia huhesabiwa kwenye sahani. Mantiki ni kwamba gentamisini haipenyi seli kwa urahisi, kwa hiyo anayeishi alikuwa ndani. Lakini kundi nene lililobanwa na vidole vya seli laweza kumkinga bakteria aliye nje. Bakteria aliyeoteshwa sahani baada ya sahani anaweza kuwa amezima vinyweleo au koti njiani, na unayempima si yule uliyemtoa kwa mgonjwa. Seli za mapafu au utumbo hazina mishono kama ya bitana ya ubongo. Na sahani iliyotulia haina mkondo, jambo linalowapa wasio na vinyweleo nafasi wasiyoipata kwenye mshipa. Ndiyo maana kipande cha ngozi ya binadamu kilichopandikizwa kwa panya kilibadilisha mengi: meningokoki waliotiwa kwenye damu ya panya huyo walijazana kwenye mishipa ya kipande cha binadamu na kuiacha mishipa ya panya ya pembeni yake.

Wenzake hutumia njia tofauti, nami nitazipitia haraka. Pneumokoki ana fosforikolini kwenye ukuta wake inayomshikiza kwenye kipokezi cha PAF, kipokezi ambacho seli huongeza inapovimba, na akifika ana pneumolisini, inayojipanga duara la vipande 30 hadi 50 na kutoboa utando wenye kolesteroli. Huyu ndiye mwenye shoka. E. koli K1 wa watoto wachanga ana koti linalofanana na la meningokoki B, na hupita ndani ya seli akiwa kwenye kifuko ambacho koti hilo linazuia kisiunganishwe na lisosomu, kifuko cha seli cha kumeng'enya. Bakteria Listeria huingia kwa protini zake ziitwazo internalini: InlA hushika E-kadherini ya binadamu lakini si ya panya, kwa sababu ya asidi amino moja tu, ya 16. Akiwa ndani hujisukuma kwa mkia wa aktini, seli hadi seli, bila kuonana na damu.

Akishafika kwenye maji ya uti wa mgongo, meningokoki anakuta uwanja usio na mlinzi: komplimenti kidogo mno, kingamwili kidogo mno, sukari ya kutosha. Anaongezeka na kumwaga viputo vya utando wake vilivyojaa endotoksini, sumu iliyo sehemu ya utando huo. TLR4, kipokezi cha seli za mwili, huishika endotoksini hiyo, TNF na interlukini, yaani protini za kuamsha uvimbe, zinatolewa, chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili zinamiminika, na sehemu kubwa ya uharibifu wa ubongo inatokana na vurugu hilo. Antibiotiki zinazopasua bakteria humwaga vipande vingi kwa mkupuo. Ndiyo maana deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe, inapotolewa, hutolewa kabla ya dozi ya kwanza au pamoja nayo. Faida yake imeonekana zaidi kwa pneumokoki kuliko kwa meningokoki.

Sampuli ya maji hayo huharibiwa na nia njema. Ukiiweka kwenye friji, meningokoki anakufa. Iache kwenye joto la kawaida au la nyuzi 35 hadi 37, ifike maabara ndani ya saa moja, ioteshwe kwenye agari ya chokoleti yenye kaboni dayoksaidi asilimia 5. Kwenye rangi ya Gram utaona jozi za waridi kama punje mbili za maharage zilizotazamana, nyingi zikiwa ndani ya neutrofili.

Na mgonjwa aliyetibiwa kwa penisilini akapona bado anaweza kumbeba kooni, kwa kuwa penisilini haifiki kwenye ute wa nyuma ya pua kwa kiwango cha kummaliza. Kabla hajaruhusiwa kurudi nyumbani hupewa siprofloksasini, miligramu 500 mara moja kwa mtu mzima, au rifampisini kwa siku mbili. Aliyetibiwa kwa seftriaksoni haihitaji, hiyo hufika.